Ubao wa gololi wa kufundishia kukadiria namba: uzoefu wangu

Kama una mtoto wa darasa la tatu anayeimba kanuni ya kukadiria kwa kumi la karibu, "tano kwenda juu, nne kushuka chini", bila kujua anapanda wapi wala anashukia wapi, ubao huu utamfaa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua wengi mnataka kujua kwanza kama hela itarudi. Seti nzima nimenunua shilingi 22,000 kwa fundi seremala wa hapa Mbeya, anayewatengenezea walimu vifaa vya kufundishia. Ndani kuna ubao, gololi mbili, kadi za picha na karatasi ya maelekezo yenye mazoezi. Ubao nausifu, kadi nazisifu zaidi. Karatasi, mh, tutafika huko.

Ubao ni wa mbao ya paini, umechongwa vilima kumi vilivyofuatana, na katikati una mfereji wa kupita gololi. Mabondeni kumeandikwa 0, 10, 20 mpaka 100. Vileleni kuna 5, 15, 25 na kuendelea. Namba nyingine zina alama ndogo ubavuni. Unamtajia mtoto 43, anaitafuta, anaweka gololi, anaiachia. Inaporomoka hadi 40. Akiweka kwenye 47 inaangukia 50. Mtoto wa Mbeya humwelezi mteremko ni nini, kwa hiyo hapo kazi imekwisha.

Kilichonifurahisha si gololi yenyewe, ni ile hatua ya kuitafuta namba. Binti yangu ukimwuliza 68 iko karibu na kumi gani alikuwa anajibu 60, "kwa sababu imeanza na sita." Mwalimu wake ameshamsahihisha mara nyingi, na nyumbani pia, wapi! Kwenye ubao ilibidi aione 68 imekaa ng'ambo ya kilele, pua kwa pua na 70. Hajarudia kosa lile. Kumbe shida haikuwa kanuni, alikuwa hajui namba inakaa kati ya nani na nani. Mstari wa namba uliochorwa kwenye daftari unaonyesha kitu hichohicho, ila kwenye daftari hakuna kinachoporomoka, na mtoto wa miaka minane anataka kitu kiporomoke.

Halafu ikaja 45. Gololi ikatulia kileleni.

"Mama, imegoma."

"Isukume mbele kidogo, iende 50."

"Kwa nini nisiisukume nyuma? Si zote ni makumi tu, na ziko mbali sawa?"

Swali zuri kuliko mazoezi yote ya ile karatasi. Nikampigia fundi. Akacheka, akasema, "Dada, hapo ni makubaliano tu. Weka kigingi chini ya mguu wa kushoto, ubao ulale kidogo kulia, itaenda yenyewe." Nikamweleza binti hivyohivyo: kutoka 45 hadi 40 ni tano, hadi 50 ni tano, watu wamekubaliana katikati tupande ili wote tupate jibu moja. Akaridhika. Watoto wanaelewa makubaliano haraka sana, kwani mchezo gani wa uani hauna sheria zake? Wanachokataa ni kuambiwa "ndivyo ilivyo".

Sasa karatasi. Kwenye mamia, imemwelekeza mtoto akadirie kwanza kwa makumi, kisha jibu lile alikadirie kwa mamia. Jamani, msifuate. Chukua 448. Kwa makumi inakuwa 450. Ukiipeleka 450 kwenye mamia inapanda kuwa 500. Lakini 448 iko hatua 48 tu kutoka 400, na 52 kutoka 500, kwa hiyo jibu ni 400. Ukitaka mamia, tazama makumi palepale, mamoja yaache. Mimi nimebandika karatasi juu ya namba za ubao, 10 ikawa 100, 20 ikawa 200, na mtoto anaweka 448 moja kwa moja. Inafanya kazi vizuri. Kwa maelfu pia: Mlima Rungwe haufiki mita 3,000, lakini gololi ukiiachia inakwenda huko bila kusita.

Kuna zoezi la dukani lililonikera zaidi. Mafuta 1,300, chumvi 400, sabuni 1,400. Kadiria kila bei kwa maelfu ya karibu, kisha ujumlishe. Jibu lao ni 2,000. Kwa kanuni ni sahihi kabisa: elfu moja, sifuri, elfu moja. Binti akauliza chumvi tumepewa bure? Na hesabu halisi ni 3,100. Mtume mtoto dukani na noti ya elfu mbili kwa makadirio hayo uone atakavyorudi. Ukiwa na pesa mkononi unataka kujua kama itatosha, basi unapandisha zote, hata ile ya 1,300 unaihesabu 2,000, au unakadiria kwa mamia. Shangazi yake anauza mchele soko la Mwanjelwa na hajawahi kushusha bei ya kitu anachokwenda kununua yeye. Ya kushusha ni makadirio ya mauzo. Hilo ndilo ningependa fundi aliandike: unakadiria ili ufanye nini? Kanuni ya karibu zaidi si ya kila mahali.

Kadi za picha ndizo nilizodhani ni za kujazia boksi. Zina maharage yaliyotawanyika, viazi kwenye sado, mkungu wa ndizi. Unamwonyesha mtoto kwa muda mfupi, unaficha, anakisia ni ngapi. Mwanzo majibu yalikuwa "mia" au "elfu", basi. Nikamfundisha atafute kumi kwanza: kumi ya maharage inachukua nafasi kiasi gani? Sasa nafasi kama hiyo ziko ngapi? Kwenye ndizi ni chana moja mara idadi ya chana. Tulipopata mkungu wa kweli kutoka Tukuyu tukajaribu, na akagundua mwenyewe kwamba chana za juu ni kubwa na za chini ni ndogo, akaamua kuhesabu ya katikati. Hapo sikumsaidia neno. Makisio yake hayakulingana na hesabu, lakini yalikuwa karibu, na alikuwa na sababu ya kuyatetea.

Mengineyo kwa haraka. Namba za ubao ni stika, zinabanduka. Zikolezeni kwa kalamu ya wino mzito mapema. Masika mbao ilivimba kidogo, gololi ikawa inakwama kwenye 80, nikapiga msasa. Na gololi zile ni ndogo, kama una mtoto anayetambaa zifungieni juu kabatini. Asiyejua bado kuhesabu hadi 100 asipewe ubao, atacheza gololi tu, ambalo si kosa ila si la shilingi 22,000.

Ukimwomba, fundi anauza kadi peke yake kwa 6,000, na mizigo ya Njombe na Iringa anaituma kwa basi. Ubao wa mamia hana bado. Nimemwambia akiuchonga aniuzie mimi wa kwanza, na ile karatasi aichane.