Star Wars ya 1977 iliyofufuliwa na mashabiki: uzoefu wangu na toleo la Despecialized

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Ukiwa na nafasi ya kuitazama Star Wars mara moja tu, tazama toleo hili la mashabiki linaloitwa Despecialized, lile rasmi liache kwa siku nyingine. Sisemi haya kwa kupenda vya kale. Filamu hii nilikutana nayo ikiwa imekwisha kurekebishwa, kwa hiyo sina ujana wa 1977 wa kuulilia. Nasema hivi kwa sababu ikivuliwa nyongeza zake inatembea vizuri zaidi, na hilo sikulitarajia. Nilidhani nitaona picha chafu zaidi na hadithi ileile. Nilichokuta ni hadithi yenye mwendo mwingine.

Kwa asiyeufuatilia ugomvi wenyewe, ni hivi. Filamu ilitoka Mei 25, 1977. Mwaka 1997 George Lucas, mwongozaji wake, aliirudisha kwenye majumba ya sinema ikiwa na viumbe wa kompyuta, milipuko mipya na onyesho zima ambalo awali halikuwamo. Akaigusa tena kwa ajili ya DVD za 2004, tena kwa Blu-ray za 2011, na ilipoingia Disney+ mwaka 2019 watu wakakuta badiliko jingine. Ile ya kwanza, iliyowapanga watu foleni, ilipata nafasi kwenye DVD mwaka 2006, tena kama diski ya ziada, na picha yake ilitoka kwenye kanda iliyoandaliwa kwa diski za leza za 1993. Kwenye televisheni ya leo picha hiyo inakaa ndogo katikati, imezungukwa na weusi pande zote. Kinachochekesha ni kwamba Lucas huyohuyo alikwenda mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kupinga wenye hakimiliki kuzichezea filamu za zamani, hasa kuzipaka rangi zile za nyeusi na nyeupe. Mwaka uliofuata Star Wars ikawa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuingizwa kwenye orodha ya taifa hilo ya filamu za kuhifadhiwa.

Kwenye pengo hilo ndipo alipoingia shabiki mmoja wa Ucheki anayejulikana kwa jina la Harmy. Akisaidiwa na wenzake waliomletea vipande kutoka huku na kule, aliichukua Blu-ray ya 2011 kama msingi, akaanza kufuta. Palipoongezwa kiumbe, akamwondoa. Palipobadilishwa shoti nzima, akaitafuta ya zamani kwenye DVD ya 2006 au kwenye mikanda ya 35mm iliyoskaniwa na watu wanaoikusanya. Kuna fremu ambazo sehemu yake imetoka Blu-ray na sehemu imetoka kwingine, kisha rangi na chengachenga, vile vidoa vidogo vya mkanda wa filamu, zikasawazishwa mpaka zikaelewana. Nimesimamisha picha mara nyingi nikiutafuta mshono. Mara chache nimeuona: shoti inalegea ghafla, ukali unapungua, halafu shoti inayofuata inarudi kuwa safi. Kama hukai ukitafuta, utapita bila kujua.

Sasa turudi kwenye mwendo, maana hapo ndipo kazi hii iliponinasa.

Chukua onyesho la Jabba, bwana wa uhalifu, kwenye gati namba 94, lile lililoongezwa 1997. Kabla yake, Greedo, mwindaji wa watu, amekwisha kumwambia Han Solo, rubani wa magendo, kila kitu: Jabba amechoka kusubiri, kichwa cha Han kimewekewa bei. Dakika chache baadaye anatokea Jabba mwenyewe, anayarudia maneno yaleyale, kisha wanaelewana na kuachana karibu kirafiki. Hatujapata habari mpya hata moja, na tishio limepungua. Mbaya zaidi, nyuma yao chombo cha Han kimesimama wazi, tumekwisha kukiona. Halafu anaingia Luke, kijana shujaa wa filamu, anakitazama na kukidharau kuwa ni takataka, na kichekesho hicho kinaanguka chini kwa kuwa sisi hatushangai tena. Kwenye Despecialized tunakiona chombo kwa mara ya kwanza pamoja na Luke, na dharau yake inatoka mdomoni wakati huohuo ambao na sisi tunajiuliza kama kitu hiki kitaweza kuruka. Shoti ni ileile. Kilichoirudishia nguvu ni kuondolewa kwa kilichotangulia.

Onyesho hilo la Jabba lina historia ya kusikitisha kidogo. Lilipigwa 1976, na Jabba alikuwa mtu wa kawaida, mwigizaji Declan Mulholland aliyevaa manyoya, halafu likaachwa nje ya filamu. Harrison Ford katika mazungumzo yale alimzunguka mwenzake kwa nyuma. Walipokuja kumweka kiumbe wa kompyuta mwenye mkia mrefu miaka ishirini baadaye, mkia ukawa umekaa njiani, ikabidi Han aonekane anaukanyaga na mwili wake usukumwe juu kwa kompyuta. Ukishajua hilo, huwezi kulitazama kwa uzito.

Kuhusu Greedo, watu wameandika mpaka wino ukaisha, nami sitarefusha. Mwaka 1977 anayefyatua ni Han peke yake, chini ya meza. Toleo la 1997 lilimfanya Greedo afyatue kwanza na kumkosa mtu aliyekaa naye meza moja. La 2004 likawafanya wafyatue karibu sawia. La 2019 likampa Greedo neno moja la mwisho ambalo mashabiki hawajaacha kulicheka. Wengi wanabishana kuhusu tabia ya Han. Mimi naona shida kubwa ni ya uhariri. Mvutano wa pale mezani umejengwa na mkono wa Han unaofungua mkoba wa bastola polepole huku mdomo wake ukiendelea na porojo. Tunaujua mkono huo, Greedo haujui. Jibu la mvutano wa namna hiyo ni mlio mmoja. Ukiweka miwili, unakuwa umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kuingia mji wa Mos Eisley nako kumepungua kilo nyingi. Toleo rasmi lina mnyama mkubwa anayejiinua kwa miguu ya nyuma, roboti zinazopigana vibao, vitu vinavyopita mbele ya kamera na kuwafunika watu tunaotaka kuwaona. Hapa gari la Luke linaingia, linasimamishwa na askari, mzee Obi-Wan anafanya ujanja wake wa akili, tunaendelea. Mji unaonekana maskini na wa hatari, jambo ambalo mzee alikuwa ametuambia. Na kule ndani ya Death Star, ngome ya adui angani, Han anapowafukuza askari akipiga kelele, mbele yake kuna wachache tu waliofika mwisho wa njia wakageuka. Mwaka 1997 nafasi hiyo ilijazwa ukumbi mzima wa askari. Nakiri hiyo ya ukumbi inanichekesha zaidi.

Na lipo moja ambalo nililikosa kwelikweli. Kabla ya shambulio la mwisho, toleo la 1997 lilirudisha kipande cha Luke akikutana na rafiki yake Biggs kambini. Ni kifupi, hakina kompyuta ya kutajwa, na kinakifanya kifo cha Biggs kwenye mfereji wa Death Star kiwe na maana. Despecialized, kwa kuwa imeapa kuirudia 1977, imekitoa. Biggs anakufa, Luke anahuzunika, na mtazamaji mpya anajiuliza huyu alikuwa nani. Uaminifu wa namna hii una gharama yake, na mimi ningekiacha.

Rangi zinastahili sifa za peke yake. Picha kuu ya 2004, ambayo ndiyo iliyozaa Blu-ray ya 2011, ilikuwa na weusi uliokandamizwa na rangi zilizopotoka. Kwenye DVD zile upanga wa mwanga wa Luke, anapofanya mazoezi ndani ya chombo, ulielekea kijani badala ya buluu. Harmy hakuweza kuifuta nyongeza akaacha rangi hizo, kwa hiyo filamu nzima ilipakwa upya. Jangwa la sayari ya Tatooine sasa lina vumbi la joto, nyuso zina damu, na korido za chombo cha binti mfalme Leia mwanzoni ni nyeupe ya kuumiza macho kidogo. Maandishi yanayopanda mwanzoni hayana neno lolote la sehemu ya nne. Hayo yaliongezwa 1981. Death Star inalipuka bila ile pete ya moto iliyoongezwa 1997. Na chini ya gari la Luke linaloelea unauona ukungu wa rangi ya chungwa, matokeo ya mafuta mazito yaliyopakwa mbele ya kamera kuficha magurudumu. Nimeupenda ukungu huo kuliko shoti safi iliyoubadilisha. Ni alama ya watu waliokuwa na tatizo, mafuta, na muda mfupi.

Hili la madoido ya picha linanigusa kwa sababu nyingine pia. Filamu ilipata Oscar ya madoido, na ya uhariri ikaenda kwa Marcia Lucas, Paul Hirsch na Richard Chew. Vita vya mwisho angani ni kazi ya vijana waliotengeneza kamera zao wenyewe zinazoongozwa na kompyuta ili modeli ndogo zionekane zinaruka, na shoti zao kadhaa ndizo zilizong'olewa 1997. Mtu akitaka kujifunza uhariri kutoka kwa watu hao watatu, ni haki akutane na kazi waliyoimaliza wao.

Hata hivyo Despecialized, kwa maana kali, ni filamu ambayo haikuwahi kuonyeshwa popote. Ni joho la viraka: huku Blu-ray, kule DVD, pale mkanda wa 35mm, na juu ya yote jicho la mtu mmoja aliyeamua rangi iweje. Anayetaka kitu kilichopita kwenye projekta ya kweli aitafute 4K77, kazi ya kikundi kinachojiita Team Negative1. Hao walichukua nakala ya Technicolor ya 35mm iliyochapwa 1977, na kwa maelezo yao asilimia 97 ya kazi yote imetoka kwenye nakala hiyo moja, ikaskaniwa na kusafishwa kwa 4K. Nakala za kawaida za wakati ule hufifia mpaka zikabaki wekundu mtupu, lakini zile zilizochapwa kwa wino wa Technicolor hushika rangi kwa miongo. Ndiyo maana BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, kule London waliweza kuionyesha nakala yao ya aina hiyo mwaka 2025 bila kuona aibu.

Nimezitazama zote mbili. 4K77 inayo chengachenga tele, hasa toleo lake lisilolainishwa, na macho yanachukua muda kuzoea. Ikishakuzoesha, televisheni yako inageuka ukumbi. Despecialized, ambayo ni 720p tu, ni tulivu zaidi na ndiyo ninayomwekea mtu asiyeijua filamu. Kwa shabiki sugu ningesema tofauti. Sehemu nyingine mbili nazo Harmy amezifanyia hivyo hivyo, na nitazipitia haraka: ya 1980 haikuwa imeharibiwa sana, ila utafurahi kumwona tena mfalme wa awali, uso wa mwanamke aliyepewa macho ya sokwe na sauti ya Clive Revill; ya 1983 inapata nafuu kubwa kwa kuondolewa wimbo mpya wa kwa Jabba na ukelele wa adui mkuu Vader wa 2011.

Jambo la sheria lisemwe wazi: hakuna leseni hapa. Mashabiki wenyewe hawauzi, na adabu yao ni kwamba anayetazama awe amenunua nakala rasmi. Akitokea mtu anakuuzia diski yake, huyo anachuma alipopanda mwingine.

La mwisho ni sauti, na wengi hulipita. Mwaka 1977 filamu ilitoka na michanganyiko mitatu: stereo ya 35mm, ya njia sita za sauti kwa 70mm, na mono, yaani ya njia moja, kwa kumbi za kawaida. Mono ilimalizwa mwisho, na ina vitu visivyomo kwenye stereo. Maarufu zaidi ni pale askari anapoamuru milango mizito ifungwe, kisha baada ya Han kupenya anaamuru ifunguliwe. Bila amri ya kwanza, ya pili ni kelele tu. Faili la Despecialized linakuruhusu kubadilisha sauti, basi jaribu mono angalau katika sehemu hiyo. Zima pia ile mipangilio ya televisheni inayolainisha mwendo, maana itakuharibia kila kitu kilichorudishwa kwa jasho. Lucasfilm wametangaza kwamba mwaka 2027 wataionyesha tena sinema ile ya 1977 ikiwa imekarabatiwa. Nitakata tiketi. Faili langu lakini silifuti mpaka niisikie mono yao.