Mirija mitatu ya kamera, siku mbili Amani

Niliinunua Ngamiani, mjini Tanga, kwa fundi kamera, shilingi 65,000, alianzia 80,000. Ni mirija mitatu ya kurefusha lenzi: milimita 12, 20 na 36. Ndani haina kioo, ni uwazi mtupu. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na kamera ili uweze kumkaribia mdudu kuliko lenzi yenyewe inavyokubali. Kabla hujatoa hela, angalia kama ina vinundu vya umeme kwenye ukingo. Isiyo navyo, kamera nyingi za siku hizi hushindwa kubana tundu la lenzi, na tundu likibaki wazi utapata unywele mmoja wa mdudu, kwingine kote ukungu.

Nimeijaribu kwenye msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, nikitumia lenzi ya milimita 50. Nililala Sigi, kwenye lango la msitu huo, ili alfajiri inikute msituni, maana wadudu wakiwa bado na umande mgongoni ni wazito kuruka.

Nilianza na ya 12 na 20 pamoja. Kwenye jani moja nikamkuta buibui mrukaji wa kijani, mdogo kuliko punje ya mchele, mwili wake unapitisha mwanga. Hapo nikaona jambo ambalo kwa macho matupu nisingeliona maisha yangu yote: macho yake mawili makubwa ya mbele yalikuwa yakibadilika rangi, mara meusi, mara ya kijani hafifu. Kioo cha jicho lake hakisogei. Kinachosogea ni mrija ulioko nyuma yake, ndani ya kichwa, ukitafuta pa kutazama. Nilikaa naye karibu nusu saa, nimezuia pumzi kila nikibonyeza.

Kupata fokasi usizungushe pete ya lenzi, haikusaidii. Sogea wewe, kidogo kidogo, kiwiko kimeegemea goti. Sehemu inayotoka kali haifiki milimita mbili hata nikibana tundu hadi f/11.

Kasoro yake kubwa ni kula mwanga, na chini ya miti ile mwanga wenyewe ni wa kuokoteza. Bila flashi usihangaike. Yangu nimeivisha kipande cha dumu jeupe la maziwa, la sivyo mgongo wa mbawakawa unang'aa kama bati jipya na rangi zake zote zinapotea.

Ukiunganisha yote mitatu, mdudu anakuwa sentimita chache tu mbele ya kioo. Kivuli cha lenzi kinamwangukia, anaondoka. Vunjajungu wawili nimewakosa hivyo. Nilipopiga goti kumfuata wa tatu, mzee aliyekuwa akituongoza akanishika bega: "Mwanangu, inuka, umepigia goti kwenye siafu." Nilikuwa sijaangalia chini kabisa.

Kwa anayeanza, naipendekeza kwa moyo wote, hasa ile ya 12 na 20. Ya 36 ina mchezo pale inapokutana na lenzi. Nikiinamisha kamera, lenzi inacheza na picha inahama. Jumatatu nimeirudisha kwa fundi. Amekaza skrubu nne, ameniambia niijaribu kwanza kwa nzi wa sokoni kabla sijapanda tena mlima.