Uhakiki wa programu ya ppp katika FreeBSD 8: kurudisha laini ya modemu baada ya kupandisha toleo

Seva ninayoitunza katika ofisi yetu ndogo ina njia mbili za kufika kwenye intaneti: ya kwanza ni kiungo cha redio, nayo ndiyo tunayoitumia kila siku, ya pili ni modemu ya nje iliyounganishwa na simu ya mezani, ambayo huachwa kimya hadi siku redio inapokufa. Mwanzoni mwa mwaka 2010 niliipandisha seva hiyo, inayotumia mfumo endeshi wa FreeBSD, kutoka toleo la 7.2 hadi 8.0, toleo lililotoka Novemba 2009, na kila kitu kikaamka salama: barua pepe, mafaili ya pamoja, hata printa. Modemu peke yake haikuitika. Taa yake ya umeme iliwaka, lakini amri niliyozoea kuitumia kupiga simu haikuwepo tena kwenye diski. Uhakiki huu ni wa programu iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, na ninaupima kwa kipimo kimoja tu: je, laini inapogoma, programu inamwambia fundi imegomea wapi?

Katika matoleo ya awali ya FreeBSD palikuwa na njia mbili za kuzungumza itifaki ya PPP, yaani utaratibu wa kompyuta mbili kubadilishana data kupitia laini kama ya simu. Moja ilikuwa pppd, ambayo kazi yake kubwa ilifanyika ndani ya kiini cha mfumo. Ya pili ni ppp, iliyotokana na kazi ya Toshiharu Ohno wa Japani na kuendelezwa kwa miaka mingi na Brian Somers, ambayo hufanya kazi nje ya kiini na kupitisha pakiti, yaani vipande vya data, katika kiolesura cha mtandao kiitwacho tun0. Toleo la 8 lilileta tabaka jipya kabisa la kushughulikia vituo vya kuandikia amri (terminal) na porti za siriali, yaani matundu ya kuunganishia vifaa kama modemu, na msimbo wa pppd haukuhamishiwa huko, hivyo ukaondolewa. Sisi tulikuwa watumiaji wa pppd. Jambo hilo liliandikwa wazi katika faili la UPDATING linalokuja na msimbo wa mfumo, nami sikulisoma hadi mwisho kabla ya kuanza kazi. Kosa hilo ni langu, na ninamsihi kila anayetunza seva ya mbali alisome faili hilo mstari kwa mstari kabla hajagusa chochote.

Faili hilohilo lilitoa onyo la pili lenye uzito uleule. Kiendeshi cha zamani cha porti za siriali, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na porti hizo, kilichokuwa na jina la “sio”, kiliachia nafasi yake kwa kiendeshi kiitwacho uart, na ili majina yasigongane, kiendeshi kipya kikatumia majina yake. Porti ya kwanza ambayo katika FreeBSD 5 iliitwa cuaa0, na kuanzia toleo la 6 ikaitwa cuad0, sasa inaitwa cuau0. Kwa wanaopokea simu badala ya kupiga, ttyd0 imekuwa ttyu0, na faili la /etc/ttys lazima lirekebishwe. Nazitaja herufi hizi moja moja kwa sababu ziliniponyoka usiku mzima: modemu au kebo ya siriali ya USB huitwa cuaU0, kwa U kubwa, na jicho lililochoka halioni tofauti yake na cuau0. Kwa hiyo kitu cha kwanza katika /etc/ppp/ppp.conf ni mstari wa set device ulio na jina sahihi, ukifuatwa na set speed 115200. Modemu hubana data, hivyo porti inapaswa kwenda kasi kuliko laini ya simu yenyewe, ambayo kwa kiwango cha V.90 haizidi kilobiti 56 kwa sekunde katika kupokea na 33.6 katika kutuma.

Hapa ndipo programu ilipoanza kunipendeza. Ukiiandika ppp bila neno lolote mbele yake, inakufungulia kidirisha cha amri, na ukiandika term inakuunganisha moja kwa moja na modemu, kana kwamba hakuna kitu katikati. Niliandika AT, amri ya kuiita modemu, nayo ikajibu OK. Kwa jibu hilo moja nilijua kwamba jina la kifaa ni sahihi, kebo ni nzima, ruhusa zipo na kiendeshi kipya kinafanya kazi. Zamani ningelazimika kutafuta programu nyingine ya kufanya jaribio hilo, kisha kuifunga kabla ya kuirudia ile ya kupiga simu, kwa sababu porti haitumiwi na programu mbili kwa wakati mmoja.

Jaribio la pili lilifichua hitilafu ambayo haikuhusiana na toleo jipya hata kidogo. Programu ilipopiga yenyewe, ilisubiri sekunde 40 kisha ikakata. Niliwasha kumbukumbu za hatua na mazungumzo kwa amri ya set log, nikafungua /var/log/ppp.log, na humo nikakuta kila neno lililotumwa kwa modemu na kila neno lililorudi. Modemu ilikuwa ikilalamika kwamba haisikii mlio wa laini. Simu yetu hupita katika swichibodi ya ofisi, ambayo mlio wake si sawa na ule wa laini ya moja kwa moja, na katika mpangilio wetu wa zamani palikuwa na amri ya ATX3, inayoiambia modemu ipige bila kusubiri mlio. Nilipoandika faili jipya kwa kufuata mfano uliokuja na mfumo, amri hiyo ilisahaulika. Mfano wenyewe huorodhesha majibu mawili tu ya kukatisha simu, yaani laini kuwa na mtu na mawimbi kupotea; kukosa mlio hakumo, ndiyo maana programu ilikaa ikisubiri muda wote. Nikaongeza ATX3, nikaongeza jibu hilo katika orodha, nikaweka 0 na mkato mbele ya namba ili swichibodi ipate nafasi ya kutoa laini ya nje, na modemu ikapiga. Ule mlio wa modemu mbili zikitafutana niliusikia kwa furaha ambayo wenzangu wa zamani wataielewa.

Sehemu ninayoisifu kuliko zote ni ndogo sana kwa macho. Kidirisha cha programu huonyesha neno ppp kwa herufi ndogo wakati hakuna kiungo. Pande mbili zikikubaliana juu ya kiungo chenyewe, neno hugeuka kuwa Ppp. Jina la mtumiaji na nywila vikikubaliwa linakuwa PPp. Na anwani za IP zikishapatikana, linakuwa PPP. Kwa herufi tatu tu, fundi anajua atafute wapi. Mimi nilikwama kwenye herufi ya kwanza: kiungo kilisimama, kisha kikaanguka. Sikuwa na haja ya kushuku kebo, modemu, kasi ya porti wala mtoa huduma. Palibaki sehemu moja ya kuangalia, yaani mistari ya set authname na set authkey, inayobeba jina la mtumiaji na nywila, na humo nikakuta herufi niliyoiandika ndogo ilhali ilitakiwa kuwa kubwa. Nimewahi kutumia programu za kupiga simu katika mifumo mingine ambazo zingeniambia tu kwamba muunganisho umeshindikana, na kuniacha nianze upya kutoka kwenye waya wa ukutani.

Hata hivyo, PPP kwa herufi kubwa si mwisho wa safari kwa mwenye laini mbili kama sisi. Kiungo kilikuwa hai, lakini kurasa hazikufunguka, kwa kuwa njia kuu ya pakiti ilikuwa bado inaelekea kwenye redio iliyokufa. Mstari wa kawaida, add default HISADDR, unaoelekeza pakiti kwenye anwani ya upande wa pili wa kiungo, haubadilishi njia ambayo tayari ipo. Ni lazima uandikwe add! wenye alama ya mshangao ili ubadilishe. Pamoja nao niliweka enable dns, ili programu ichukue anwani za seva za majina kutoka kwa mtoa huduma na kuziandika katika resolv.conf.

Kasoro zipo, na baadhi zinachosha. Faili la mpangilio lina masharti makali juu ya nafasi: jina la kila sehemu lazima lianzie ukingoni kabisa na kuishia na nukta mbili, na amri zote zilizo chini yake lazima zisogezwe ndani. Maneno ya mazungumzo na modemu yana mikwaju ya kurudi nyuma (\) iliyorudiwa mara mbili, na ukikosa mmoja, programu haikuonyeshi ulipokosea. Utagundua tu katika kumbukumbu kwamba kilichotumwa si ulichokusudia. Mwongozo wake una kila kitu, lakini ni mrefu mno kwa mtu ambaye ofisi nzima imesimama ikimsubiri. Nywila pia hukaa ndani ya faili bila kufichwa, hivyo faili hilo lisomwe na mtumiaji mkuu peke yake. Na ukitaka mtu mwingine aweze kupiga, haitoshi kumwingiza katika kundi la network; jina lake linahitaji pia kuruhusiwa kwa mstari wa allow users.

Kuna hali ya -auto, ambayo hupiga simu pakiti ya kwanza inapotaka kutoka na kukata baada ya sekunde 180 za ukimya. Niliijaribu kwa siku moja nikaiacha. Seva yenye huduma nyingi haikosi kuuliza jina la mahali fulani kila baada ya dakika chache, na dakika za simu hulipiwa. Vichujio vya kuzuia maswali hayo yasiamshe modemu vipo, vinaandikwa kwa set filter dial, ila kwa laini ya akiba nimeona ni salama zaidi mtu aipige kwa mkono kwa hali ya -background.

Kwa yeyote mwenye modemu ya nje ya siriali, nasema bila kusita kwamba programu hii ni bora kuliko ile iliyoondolewa, na kuhama si kazi ya kuogopesha: mpangilio wetu wote ni mistari isiyofika 20. Mwenye modemu ya ndani ya bei nafuu, ile ambayo kazi yake nyingi huachiwa kichakataji cha kompyuta na kiendeshi cha Windows, hatapata msaada wowote hapa, kwa maana ppp inahitaji porti ya siriali ya kweli ya kuzungumza nayo. Huyo atafute kwanza modemu ya nje iliyotumika, aiunganishe kwenye cuau0, aandike AT, na asiendelee na hatua nyingine yoyote kabla hajaona OK.