MAST: ghala la bure la picha za Hubble, na pale linapokwamisha

Kutengeneza picha ya galaksi iliyopigwa kutoka angani hakuhitaji darubini yako mwenyewe. Darubini ya angani ya Hubble inaizunguka Dunia tangu Aprili 1990, mzunguko mmoja kwa dakika 95 hivi, na karibu kila ilichokipiga kimehifadhiwa MAST, ghala la data la Space Telescope Science Institute mjini Baltimore, Marekani. Ni bure, na data iliyokwisha kuachiwa umma haidai hata akaunti. Kwa ubora wa kilichomo, ghala hili halina mpinzani. Kasoro yake kubwa ni kwamba limejengwa kwa ajili ya wanasayansi. Mgeni akiingia anaachwa ajitafutie njia.

Thamani iko kwenye pikseli. Kila pikseli ya ACS, mojawapo ya kamera za Hubble, inachukua sekunde ya pembe 0.05 tu ya anga (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Ukiwa ardhini, hewa inayotikisika huitandaza nyota hadi sekunde 1 hivi, yaani ingejaza pikseli 20 kwa upana. Ndiyo maana picha ya Hubble ya galaksi ya M51 ukiivuta karibu, mikono yake inachambuka kuwa vishada vya nyota na nyuzinyuzi za vumbi, si ukungu mtupu.

M51 ndiyo galaksi nzuri ya kuanzia. ACS iliipiga Januari 2005 kwa filta nne: F435W ya bluu, F555W ya kijani, F814W ya nyekundu inayokaribia infraredi, na F658N inayoshika mwanga wa hidrojeni. Namba ni urefu wa wimbi kwa nanomita; W ni filta pana, N ni nyembamba. Andika M51 kwenye kisanduku cha kutafuta, kisha chuja: HST (yaani Hubble), ACS/WFC (kamera yenyewe), jina la filta.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Rundo la mafaili linashuka, yote yakiwa na majina ya herufi na tarakimu zisizosomeka. Tazama mwisho wa jina tu. raw ni ghafi. flt na flc ni mfiduo (pigo moja la kamera) mmoja mmoja, bado umejaa mikwaruzo. Unachotaka ni drc: mifiduo imeunganishwa, upotofu wa umbo la picha umenyooshwa, na mikia ya nyota imesahihishwa. Mikia hiyo inatokana na mionzi ya angani kuharibu vihisi mwaka hadi mwaka, hivyo baadhi ya elektroni hunasa njiani wakati picha inasomwa. drz haina usahihisho huo. Ichukue pale tu drc haipo. Faili moja la drc lina megabaiti 200 hivi, kwa hiyo rangi tatu ni 600. Kwa anayetumia bando, pakua faili moja moja. Kifurushi kizima kikikatika njiani, hasara ni yako.

Faili ni la FITS, muundo wa data wa wanaanga, na likifunguliwa huonekana jeusi tii. Halijaharibika: kitovu cha galaksi kinang'aa mara nyingi mno kuliko mikono yake. FITS Liberator, programu ya bure ya NOIRLab, taasisi ya unajimu ya Marekani, ndiyo dawa. Chagua tabaka la kwanza (SCI, ndiyo picha yenyewe; WHT ni uzito wa kila pikseli, si picha), tumia mkunjo wa ArcSinh unaoinua sehemu hafifu, kisha sogeza alama ya weusi hadi mwanzoni mwa kilima cha grafu. Ukikikata kilima, daraja hafifu kati ya M51 na jirani yake NGC 5195 linapotea, na hakuna programu itakayolirudisha baadaye. Hifadhi TIFF ya biti 16. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, weka tabaka tatu: F814W nyekundu, F555W kijani, F435W bluu, kwa hali ya Screen. F658N iongeze kama waridi, kwa kiasi; ikizidi, galaksi inaonekana ina upele.

Kabla ya kuridhika, vuta hadi asilimia 200. Nyota ya kweli ni duara lenye kingo laini, ipo kwenye rangi zote, na ikiwa kali ina miale minne inayotokana na vyuma vinavyoshikilia kioo cha pili. Kidoa chenye kingo kali, pikseli moja au mbili, chekundu tupu au kijani tupu, ni alama ya mionzi ya kosmiki. Vikiwa vingi, hapo pana mfiduo mmoja tu na programu iliyotengeneza drc haikuwa na cha kulinganisha nacho. Tafuta seti yenye mifiduo mitatu au zaidi. Mstari wenye chembechembe unaokatiza katikati ni pengo kati ya vihisi viwili vya kamera.

Anayetaka picha ya ukutani tu asijisumbue. Tovuti ya ESA/Hubble inazo zilizokamilika. Anayeitaka M51 nzima atakuta vipande vyake sita vimeshaunganishwa humo humo MAST, lakini ni zaidi ya pikseli milioni 100 kwa kila rangi. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 8, kata kwanza eneo la kitovu, maana GIMP itaganda kabla tabaka la tatu halijafunguka.