Miswada miwili ya Henry Waxman: dawa na hewa

Mbunge huyu wa California alitumikia Bunge la Marekani kuanzia 1975 hadi 2015. Mswada wake wa 1984, alioshirikiana na Seneta Orrin Hatch wa Republican, uliruhusu dawa za jeneriki, yaani nakala za bei nafuu za dawa asilia, zisajiliwe bila kurudia majaribio yote kwa wagonjwa, mradi zithibitike kufanya kazi sawa na dawa asilia. Wenye hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza dawa asilia, nao walifidiwa sehemu ya muda uliopotea wakisubiri kibali. Kila upande ulipata chake, na Rais Reagan akausaini. Wagonjwa wangapi wamepata nafuu ya bei!

Wa 2009, alioandika na mbunge mwenzake Ed Markey, ulilenga kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, kwa asilimia 17 ifikapo 2020. Ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212. Lakini Seneti haikuupigia kura. Naona huu ndio uliohitajika zaidi, ila wenye makaa ya mawe hawakuona faida yao ndani yake.