Websaiti ya kazi zako: ipi ulipie, ipi uchukue bure, na ipi uipite tu

Kama we ni dizaina, mpiga picha, mtu wa animesheni au unaandika matangazo, na mteja akisema "nitumie kazi zako" unamtumia linki ya Google Drive yenye mafoda kibao yasiyo na majina, basi hii inakuhusu. Nimepanga hapa sehemu za kujengea portifolio kuanzia ninayoipa namba moja mpaka ile ambayo mi binafsi siwezi kutoa hela yangu. Nimepanga kwa macho ya mtu anayelipa kwa shilingi, hana mshahara wa kila mwezi, na wateja wake wengi wataifungua hiyo linki kwenye simu huku bando linahesabika.

Vigezo vyangu ni vitatu. Bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza karibu kote ni chambo. Kama unaweza kuhama na vitu vyako siku ukichoka. Na inafungukaje kwenye Tecno ya kawaida yenye mtandao wa kusuasua. Uzuri wa templeti sijauweka kabisa, templeti kali zipo kila kona siku hizi, na kinachotakiwa kuonekana ni kazi zako.

Kabla ya yote, jina

Domeini (jina la websaiti, kama jinalako.com) inunue kivyake, kwa jina lako na imeili yako, hata kama websaiti yenyewe utaijenga mwezi ujao. Ukiwa na jina lako mkononi unaweza kuhama kutoka sehemu yoyote kati ya hizi nitakazozitaja na mteja hatojua kama umehama, ila ukitumia lile la bure la kampuni au jina alilokusajilia fundi kwa imeili yake, siku mkikorofishana unaanza upya.

Ya .com ukiinunua Cloudflare, kampuni ya nje inayosajili domeini, wanakuuzia kwa bei ya jumla, kama dola 10 na kitu kwa mwaka, na kurinyu, yaani kuilipia tena kila mwaka, ni bei hiyohiyo, hakuna mwaka wa kwanza dola moja halafu wa pili ishirini. Kuficha anwani na namba yako ya simu kwenye rejista ni bure hapo, kama kuna mtu anakuchaji kwa hilo mpite. Ubaya ni kwamba wanataka kadi au PayPal. Kenya hilo lina dawa, Safaricom wana kadi ya GlobalPay ya Visa inayovuta hela M-Pesa tangu 2022, na Bongo pia unaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kupitia M-Pesa ya Vodacom. Ukitaka .co.tz au .co.ke unaenda kwa wasajili wa hapahapa na unalipa kwa simu moja kwa moja. Mi naona .co.tz ina maana kama wateja wako ni hoteli, mashirika na maduka ya hapa, ila kama unawinda wateja wa nje kwenye mtandao wa kazi za Upwork chukua .com. Zipo pia .me.tz na .me.ke za watu binafsi, na majina mazuri huko bado hayajachukuliwa.

Jambo la mwisho kuhusu jina: washa kurinyu ya otomatiki NA uhakikishe kwenye kadi kuna hela siku hiyo, maana kadi za simu nyingi ni za kuweka hela kwanza na watu wanasahau. .com ikishapita muda wa neema inaingia kipindi cha kukombolewa cha siku 30, na hapo faini yake ni kubwa kuliko bei ya jina lenyewe mara kadhaa.

Namba moja: Carrd

Ndio, Carrd, kile kidude cha ukurasa mmoja. Watu wanakidharau kwa sababu ni rahisi. Bure unapata websaiti tatu za ukurasa mmoja mmoja kwenye jina lao, na ukilipa dola 19 kwa MWAKA, sio kwa mwezi, unaunganisha domeini yako mwenyewe, hiyo ni kama elfu hamsini za kitanzania kutegemea dola imeamkaje. Kuna ya dola 9 pia lakini hiyo haiungi domeini kwa hiyo isikuchanganye. Ukurasa unakuwa mwepesi, unakaa vizuri kwenye simu, na unaumaliza Jumamosi moja ukiwa na picha zako tayari.

Kwa nini naipa namba moja wakati ina ukurasa mmoja tu? Kwa sababu mteja haangalii kazi arobaini. Anaangalia tano au sita, anatafuta bei au namba ya simu, anaondoka. Ukurasa mmoja wenye kazi sita zilizochujwa unakulazimisha uchuje, na hicho ndo kitu madizaina wengi wanashindwa, wanaweka mpaka kadi ya mwaliko wa harusi ya binamu. Haikufai kama unaandika makala, unauza bidhaa, au kazi zako zinahitaji maelezo marefu kila moja na ukurasa wake.

Namba mbili: WordPress kwenye hostingi (seva ya kukodi) ya hapa

WordPress ipo tangu 2003 na inabeba zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani, kwa hiyo msaada hukosi, hata mtaani kwako kuna kijana anaijua. Naongelea ile ya kujihostia, unayoipakua bure, sio WordPress.com ambayo ni kampuni inayokuuzia vifurushi. Ikija siku ya kuhama unabeba kila kitu, maandishi, picha, mpaka oda za wateja, unapeleka seva nyingine. Kwenye orodha hii hakuna kingine kinachokupa uhuru huo huku kikikuwekea blogu, duka na lugha mbili.

Hostingi nunua kwa kampuni ya Dar au Nairobi inayopokea hela kwa simu, na kabla hujalipa uliza maswali haya: kurinyu ni bei gani, bekapu wanachukua kila baada ya muda gani na kurudisha ni bure au unalipia, cPanel (ukurasa wa kuendeshea hostingi) unapewa yako au unakuwa chini ya mtu. Wakikwambia "anlimitedi" uliza idadi ya mafaili na kiasi cha prosesa, hapo ndo mipaka imefichwa. Wakitaka kukuuzia SSL, ile kufuli ya usalama kwenye anwani, kama kitu cha ziada kataa kwa upole, Let's Encrypt wanatoa bure na cPanel nyingi zinaiweka zenyewe. Usilipe miaka mitatu kwa mkupuo kwa kampuni usiyoijua hata kama punguzo linakung'aria macho, lipa mwaka mmoja uone wanapokea simu au la.

Ubaya wa WordPress ni kwamba inataka malezi. Plagini, vile vipande vya programu vya kuongezea, zisipoapdetiwa ndo mlango wa wezi, na ukijaza plagini ishirini pamoja na ile mijenzi mizito ya kuburuta vitu websaiti inakuwa nzito mpaka aibu. Tumia templeti nyepesi kama Kadence au GeneratePress, zote zina toleo la bure linalotosha, na plagini ya UpdraftPlus ikupelekee bekapu Google Drive. Na aisee, hizi templeti za kulipia zinazouzwa buku tano kwenye magrupu ya Telegram achana nazo, nyingi zimeshafunguliwa na mtu na kuwekewa vitu ndani, siku moja unakuta websaiti yako inatangaza kamari.

Namba tatu: bure kabisa kwa anayejua kodi (lugha ya kompyuta) kidogo

GitHub Pages na Cloudflare Pages zinakuhostia websaiti ya mafaili ya HTML peke yake bila senti, na unaweka domeini yako. GitHub wanataka websaiti isizidi GB moja, Cloudflare faili moja lisizidi MB 25, kwa portifolio ya picha zilizobanwa hiyo ni nafasi ya kumwaga. Templeti chukua HTML5 UP, ni kazi ya jamaa huyohuyo aliyetengeneza Carrd, ni bure ila uache jina lao chini kama leseni inavyotaka. Ningeiweka namba moja kama kila mtu angekuwa tayari kufungua faili la kodi na kubadilisha maneno bila kuogopa. Ukiwa tayari, basi kwako hii ndo namba moja, gharama yako ya mwaka ni ile domeini tu.

Namba nne: Adobe Portfolio

Hii ni fupi. Kama tayari unalipia Creative Cloud, kifurushi cha programu za Adobe, unayo, imo ndani, websaiti mpaka tano na inavuta kazi zako za Behance, mtandao wao wa kuonyeshea kazi, moja kwa moja. Watu wanalipia Photoshop miaka na hawajui kama wana hii. Kama hulipii Adobe usianze kulipia kwa ajili ya hii, na ujue siku ukiacha kulipa websaiti nayo inazima.

Namba tano: Framer na Webflow

Hapa najua nitagombana na watu. Ni zana kali, hasa kama unatoka Figma, ile programu ya kuchorea websaiti, unachora na kinachotoka ndo kinachoonekana, na miondoko yake ni ya kibabe. Shida ni bei, unalipa dola kila mwezi kwa websaiti moja, na mwezi ambao wateja wamekuzungusha malipo (unaujua) hiyo bili haikuzungushi. Ongeza na VAT, Tanzania na Kenya inaweza kuongezwa juu kwenye huduma za kidijitali za nje, kwa hiyo bei unayoiona kwenye tangazo sio lazima iwe ndo inayokatwa. Kuhama: Webflow ukiwa kwenye kifurushi cha kulipia unaweza kutoa kodi (ile ya HTML, sio ya serikali), ingawa fomu na maudhui ya CMS (sehemu ya kuhifadhia makala na kazi) hayaji yakiwa hai, na Framer haitoi kodi hiyo kabisa.

Zinunue tu kama unauza utengenezaji wa websaiti wenyewe, yaani portifolio yako ndo sampuli ya unachouza. Mpiga picha wa harusi hana sababu. Ya bure ya kila moja itumie kujifunzia.

Namba sita: Wix na Squarespace

Wix ya bure inaweka matangazo yao juu ya kazi zako, na kwa mtu anayeuza macho yake hiyo haipendezi. Websaiti ya Wix huwezi kuibeba ukaihostia kwingine. Squarespace ina templeti za kistaarabu sana kwa wapiga picha, hilo siwanyimi, ila haina ya bure, ni majaribio ya siku 14 halafu dola kila mwezi. Kwa hela hiyo rudi namba mbili.

Na wale wanaosema "mi nina Instagram inatosha", au Behance peke yake: endelea nazo, wateja wanapatikana huko, lakini akaunti ikifungiwa huna pa kulalamikia.

Ukishachagua, hapa ndo watu wanaharibu

Picha. Picha iliyotoka kwenye kamera au simu kali ina MB nne, tano, weka ishirini kwenye ukurasa mmoja umemmalizia mtu bando kabla hajaona jina lako. Fungua Squoosh kwenye brauza, ni ya bure, punguza upana uwe kama pikseli 1600, toa kwa WebP (aina ya faili la picha jepesi), lenga chini ya KB 300. Halafu pima na PageSpeed Insights ya Google upande wa simu, ile namba ya LCP, muda wa kitu kikubwa zaidi kuonekana, itafute iwe chini ya sekunde 2.5. Video usipandishe kwenye hostingi yako, weka YouTube au Vimeo na uibandike.

Kitufe cha WhatsApp ni muhimu kuliko fomu ya mawasiliano kwa wateja wa huku. Linki ni wa.me ikifuatiwa na mkwaju (/) na namba yako ikianza na 255 au 254, bila alama ya jumlisha (+) na bila ile sifuri ya mbele. Nusu ya linki mbovu ninazokutana nazo kosa ni hiyo sifuri.

Kama websaiti ni ya Kiswahili, kwenye mipangilio weka lugha iwe sw, la sivyo brauza inaweza kuidhania lugha nyingine na kumwambia mgeni wako atafsiri. Fonti ijaribu kwa neno kama "ng'arisha" kabla hujaipenda, zipo zinazoweka kile kialama mbali mpaka neno linakatika vipande viwili. Na vitufe viwe na upana, "Wasiliana nami" ni refu kuliko "Contact" iliyokuwa kwenye templeti, kwenye simu ndogo linavunjika mistari miwili vibaya sana. Rangi za maandishi zipime WebAIM, uwiano usishuke chini ya 4.5 kwa 1, kijivu juu ya nyeupe ni fasheni lakini mtu akiwa juani Kariakoo hasomi kitu.

Picha za kujazia, kama huna zako: Unsplash na Pexels zinajulikana, ila ukitaka sura zinazofanana na za wateja wako angalia Nappy, ni bure na unaruhusiwa kutumia hata kibiashara. Kuchora kabla ya kujenga, Figma ya bure inatosha, au Penpot ambayo ni huria. Kujifunza HTML na CSS, freeCodeCamp na MDN, usilipie kozi ya mtu kabla hujamaliza hizo.

Ukiamua kumpa fundi akutengenezee, sawa tu, ila kabla ya kumalizia malipo hakikisha una vitu hivi: nywila ya sehemu domeini ilikosajiliwa na imeili iliyoko pale ni yako, nywila ya cPanel, akaunti ya admini ya WordPress, na faili la bekapu kwenye Drive yako. Akisema atakutumia kesho, na malipo ya mwisho nayo yawe kesho.