Vinili ya gundi sebuleni: kwa nini sikuchukua ya kliki

Sebule yangu inapigwa na jua la jioni kupitia dirisha linaloshuka karibu na sakafu, ina kabati zito la vitabu ukutani, na kila anayetoka jikoni lazima apite hapo. Hayo ndiyo yaliyoamua nichague nini, kabla hata ya kufikiria rangi. Niliweka vibao vya vinili vya kubandika kwa gundi, unene wa milimita 2.5, vyenye utando wa juu wa milimita 0.55. Nimekaa navyo muda wa kutosha kuviona vikimwagiwa chai, vikiburutiwa viti na kukanyagwa na viatu vyenye mchanga, na nimeridhika navyo. Karibu kila muuzaji niliyezungumza naye alinisukuma kwenye vya kliki, vile vinavyofungana vyenyewe bila gundi. Wana sababu zao, na nyingine ni za kweli.

Vinili ni plastiki ya PVC iliyochapwa picha ya mbao au jiwe, halafu picha hiyo ikafunikwa na utando mgumu unaopitisha mwanga. Tofauti kubwa iko kwenye namna inavyolala chini. Ya roli hutandazwa kama kapeti na ni nzuri pale upana wa chumba unapotosha roli moja; sebule ikiwa pana zaidi, kiungio kitapita katikati, na kiungio kikianza kufunguka huna raha tena. Vile vibao vyenye gundi yake mgongoni, unavyobandua karatasi na kubandika, nilivipita haraka. Kwa stoo sawa. Sebuleni pembe zake huanza kunyanyuka palepale watu wanapokanyaga zaidi.

Vikabaki vya kliki na vya gundi. Vya kliki hufungana ulimi kwa mfereji na havishikani na sakafu kabisa. Chumba kizima kinakuwa kipande kimoja kilicholala juu ya saruji. Ndiyo maana huachiwa nafasi ya milimita 5 hadi 10 pembeni, chini ya skatingi, ule ukingo unaozunguka chini ya ukuta, ili sakafu ipate pa kwenda ikitanuka. Na itatanuka, kwa sababu plastiki ikipata joto hutanuka. Vyenye kiini cha unga wa chokaa hutulia zaidi kuliko vyenye kiini chepesi cha povu, lakini hata hivyo karatasi za maelekezo za vibao vingi vya kliki zinaonya kuhusu vyumba vinavyopigwa na jua kali kupitia kioo. Ongeza kabati la vitabu linalokandamiza upande mmoja: sakafu inataka kusogea, upande mmoja umeshikwa, basi inatafuta pengine pa kutokea. Ama viungio vinaachana, ama katikati panavimba.

Kwa mtu mwenye sebule ya kivuli na sakafu ya vigae iliyonyooka, mimi mwenyewe ningemwambia achukue vya kliki. Havina gundi, unakanyaga siku hiyohiyo, na ukihama unaweza kuving'oa ukaenda navyo. Kwangu jua liliharibu hesabu hiyo. Kibao cha gundi kimeshikwa mgongo mzima, kwa hiyo hakina nafasi kubwa ya kutembea.

Sasa unene, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapozungushwa. Utaonyeshwa kibao cha milimita 6 na kingine cha milimita 2.5 uambiwe kile kinene ndicho kinachodumu. Unene wote huo ni kiini na sponji ya chini. Kinachokwaruzwa ni utando wa juu peke yake, na ukiisha huo, picha nayo inaanza kufutika, hata kibao kingekuwa kinene kama ubao wa kukatia nyama. Kwa sebule yenye watu wengi usishuke chini ya milimita 0.3, ukipata 0.5 au 0.55 umefika kwenye kiwango cha maofisi. Kwenye katoni nyingine utaona namba 12 au 20 bila maelezo. Hizo ni sehemu za elfu za inchi: 12 ni kama milimita 0.3, na 20 ni kama 0.5. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba 20 ni milimita. Milimita ishirini za utando! Vya Ulaya huwa na alama ya darasa: 23 ni nyumba yenye pilikapilika, na kuanzia 31 ni sehemu za biashara. Hiyo alama naiamini kuliko neno la muuzaji.

Rangi niliichagua sakafuni mwangu. Omba vipande vya mfano, vilaze chini, usivisimamishe ukutani, kisha uvitazame asubuhi, uvitazame jua likiingia, uvitazame usiku chini ya taa. Kimoja kilichoonekana kahawia tulivu dukani kiligeuka chekundu kabisa chini ya balbu zangu. Cheusi kinachong'aa kilikuwa kizuri ajabu mpaka nilipokanyaga bila viatu: kila kidole kilibaki kimechorwa. Nikachukua rangi ya kati isiyong'aa, yenye mikunjo ya mbao unayoihisi kwa kucha. Angalia pia mchoro unajirudia baada ya vibao vingapi. Mchoro wenye vibao vichache tofauti utakuonyesha fundo lilelile la mti kila hatua mbili, na ukishaliona hutaacha kuliona.

Kazi halisi ilikuwa chini ya vinili. Vibao vyembamba vya gundi havisamehi. Punje ya mchanga iliyobaki chini utaiona juu kama kipele. Fundi wangu alikuja na bao refu la alumini na tochi. Akalilaza bao sakafuni, akapiga magoti, akawasha tochi upande wa pili. Mwanga ukapenya chini ya bao katikati ya chumba, mwembamba pembeni, mnene kuelekea dirishani. "Mama, hapa una bonde," akasema, akalizungushia chaki. Akasogeza bao, akachora tena. Alipomaliza, sakafu niliyoishi nayo miaka yote nikiamini imenyooka ilikuwa imejaa ramani ya chaki. Maelekezo ya vibao vingi hukubali tofauti ya kama milimita 5 ndani ya mita 3, na kwangu palizidi. Vilima vikasagwa, mabonde yakamwagiwa ile saruji laini inayojisawazisha yenyewe. Iliongeza gharama na kutuchelewesha, na ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Kabla ya hapo tulipima unyevu kwa njia ya mafundi: karatasi ya nailoni safi, kama mita moja kwa mita moja, imebandikwa kwa gundi ya utepe pande zote na kuachwa usiku na mchana. Ukiibandua ukakuta matone chini yake au saruji imegeuka nyeusi, usiweke vinili bado. Vinili haipitishi maji, na sifa hiyohiyo ndiyo inayofungia unyevu chini yake mpaka gundi ilegee. Jambo jingine: kama chini kuna vigae vya zamani vya vinili vya kabla ya miaka ya 1980, usivisage wala kuvivunja. Vingi vya wakati huo vilichanganywa na asbestosi. Vipimwe kwanza.

Kubandika kwenyewe kulikwenda upesi. Katoni zilishinda ndani ya chumba saa 48, zimelala bapa, zizoee joto la hapo. Gundi ilipakwa kwa mwiko wenye meno, nyeupe kama maziwa, na fundi hakugusa kibao hata kimoja mpaka ilipogeuka kuwa angavu na kunata kidoleni. Ukiwahi, vibao vinateleza na gundi inatoka kwenye viungio. Alichanganya vibao vya katoni tatu kwa pamoja ili tofauti ndogo za rangi zitawanyike, na viungio vya ncha akaviachanisha zaidi ya shubiri moja kati ya mstari na mstari. Mwisho akapitisha roli zito, lile la kilo 45 hivi, kwa urefu na kwa upana. Muulize fundi wako kama analo hilo roli kabla hamjapatana. Akisema atakanyaga kwa miguu, tafuta mwingine.

Kukaa nayo, je? Sauti za hatua zimepungua ukilinganisha na vigae, na zile tak-tak za plastiki nilizozisikia kwenye kliki ya jirani kwangu hazipo. Si ya joto mguuni kama kapeti. Asubuhi ya baridi utaihisi. Harufu ilikuwepo siku za mwanzo, tukafungua madirisha ikaisha. Nilikuwa nimechagua yenye cheti cha FloorScore, ambacho hutolewa baada ya kupimwa hewa chafu inayotoka kwenye sakafu. Usafi ni ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa, na sabuni kidogo. Mashine ya mvuke usiilete hapa, wala nta. Miguu ya viti nimeivisha vitambaa vya feliti, na huwa navikagua kwa sababu mchanga ukinasa humo feliti inageuka msasa.

Onyo ambalo hakuna muuzaji aliyenipa, nililisoma tu kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya katoni: usiweke zulia lenye mpira mgongoni. Kemikali za mpira huingia kwenye vinili na kuacha doa la manjano ambalo halifutiki, maana haliko juu. Zulia langu la mlangoni nikalibadilisha siku hiyohiyo. Nisichokipenda ni jua lenyewe: bado nashusha pazia kila jioni, na sebule yenye dirisha zuri inakaa gizani saa ambayo ningetaka mwanga.

Halafu siku moja pasi ya moto ilianguka kifudifudi na kuyeyusha kibao kimoja karibu na kochi. Vinili na moto havipatani, yaani alama ya pasi ilibaki nzima, mpaka matundu ya mvuke. Kwa kliki ungeanza kufungua vibao kutoka ukutani mpaka ukifikie kilichoharibika. Fundi alikipasha kibao changu kwa mashine ya kukaushia nywele, akakikata katikati, akakiinua kwa skrepa kuanzia katikati kwenda pembeni asiguse jirani zake, akakwangua gundi ya zamani na kubandika kingine. Mzigo wa vitabu ukalala juu yake usiku kucha. Kipya kimekoza kidogo kuliko wenzake waliokwisha kuzoea jua, lakini kiko usawa nao, kucha haikwami. Kilitoka kwenye katoni ya akiba niliyoinunua pamoja na ile asilimia 10 ya ziada ya kufidia vipande vinavyopotea kwenye kukata. Inunue siku hiyohiyo ya kwanza, kwa sababu vibao vilivyochapwa kiwandani baadaye huwa na rangi tofauti kidogo, na uilaze bapa. Vibao vikiegemezwa ukutani hupinda.